Mkwe Chini ya Mgunga

Simaloi alitembea mbele, hatua arobaini kumtangulia binti yake. Parsimei alitembea nyuma na punda wanne, hatua arobaini nyuma ya mkewe. Katikati alikuwa Namnyaki, mtoto mgongoni, na kazi ya kubeba maneno ya wote wawili, kupeleka na kurudisha, kana kwamba yeye ndiye punda wa tano.

Ndivyo walivyokwenda tangu walipoiacha migomba yao kwenye miteremko ya Meru. Walipita kando ya boma la Wajerumani pale Arusha bila kusimama, maana mwanamume mwenye mabega mapana akisimama pale ilikuwa haipiti saa moja kabla hajatwishwa jiwe la kujengea kitu cha serikali. Wakashuka tambarare za Terrat, wakaendelea kusini hadi kwa wafugaji wa Kimaasai, na huko Simaloi akabadilisha ndizi, unga na tumbaku kwa ngozi na samli. Sasa walikuwa wanarudi. Ilibaki siku moja na nusu.

Safari hiyo Simaloi alikuwa ameifanya tangu hajaolewa. Wanawake wa Kiarusha waliifanya hata miaka ya vita, waume zao wakichomana mikuki na watu wale wale waliowapelekea ndizi, na hakuna aliyewagusa, kwa kuwa hakuna shujaa aliyetaka kuimbwa kwamba alimshinda bibi mwenye mkungu. Mara hii tu ndipo aliposindikizwa na mwanamume. Mwezi uliotangulia simba alikuwa amekula punda wa jirani njiani, na Parsimei akasema mke wake na mtoto wake hawatalala nyikani bila mkuki.

Simaloi alimtuma bintiye amwambie mumewe kwamba simba wameuona mwili huu miaka thelathini na hawajautamani. Parsimei akamtuma mkewe ajibu kwamba pengine simba humwogopa mama kuliko wanavyouogopa mkuki. Jibu hilo Namnyaki hakulifikisha. Alisema tu, "Amesikia."

Alikuwa amejifunza kupunguza. Mtu akibeba maneno ya watu wawili kwa mwaka wa tatu, hujua yapi yana uzito wa bure na huyaacha njiani.

Si kwamba hao wawili walichukiana. Kwa watu wao, mwanamume na mama aliyemzaa mkewe hawatazamani usoni, hawali mmoja akimwona mwenzake, hawaketi kwenye kivuli kimoja, na wakikutana njiani mmoja huiacha njia. Hiyo ni heshima, na kadiri mtu anavyoishika ndivyo anavyomtukuza mwenzake. Wengi waliishika kiasi. Simaloi aliishika yote. Alikuwa na jirani aliyekutwa na mkwewe akitafuna hindi mlangoni. Wasichana wakamtungia wimbo wa kuchotea maji, na wimbo ule, mwaka wa sita sasa, ulikuwa bado unaota beti mpya. Ubeti mmoja aliutunga Simaloi mwenyewe. Kwa hiyo alijua vizuri ni nini kinamngoja mwanamke anayeteleza.

Siku hiyo joto lilibana tangu asubuhi. Upepo ulikufa. Nzi waliwaganda punda machoni na punda hawakujali, masikio yao yote yameelekea mashariki. Kufika saa tisa alasiri wingu lilikuwa limesimama upande huo, jeusi chini, jeupe juu kama povu la maziwa yanayokamuliwa. Meru, iliyokuwa mbele yao tangu alfajiri, ilikuwa haionekani tena.

Parsimei alipiga mluzi, punda wakasimama. Akaitazama nchi. Upande wa kulia lilikuwapo korongo kavu lenye mchanga laini, mahali pa kumtamanisha kila aliyechoka. Hakulitaka, kwani mvua ikinyesha mbali huko juu, maji hushuka kwenye korongo kama hilo bila kupiga hodi. Kushoto ardhi iliinuka kidogo, na juu ya mwinuko ulisimama mgunga mmoja mkubwa, peke yake. Hakuutaka pia. Alichagua mahali katikati, palipobonyea kidogo, penye vichaka vya kimo kimoja, vinavyofika kiunoni.

"Mwambie mama tunalala hapa," akamwambia mkewe. "Asiende mtini. Mvua ikianza, kila mtu achague kichaka chake na kuchuchumaa hapo peke yake, mbali na mwenzake, hatua ishirini au zaidi. Tusikae pamoja hata kidogo. Radi ikikuta watu wamekusanyika, inachukua wote."

Namnyaki alikuwa amechoka. Nalepo, mwanawe wa miezi mitano, alikuwa anaota jino na alikuwa amelia tangu saa sita. Hizo hatua arobaini za kumfikia mama yake alikuwa amezitembea mara nyingi mno siku hiyo. Alipofika alisema kile kilichobaki kichwani.

"Yeyo," alisema, maana ndivyo wanavyomwita mama kwa Kimaa, lugha yao, "tunalala pale chini, penye vichaka. Usiende mtini. Njoo tukae pale."

Simaloi akapatazama. Aliona vichaka vya kiunoni. Hakuona kitu hata kimoja ambacho mtu mzima angeweza kujificha nyuma yake.

"Pale? Pamoja naye?"

"Pale, Yeyo."

"Niketi shimoni na mkwe wangu, tutazamane kama vifaranga?" Hakungoja jibu. Aliweka vizuri kibuyu chake cha samli ubavuni, akaushika mwinuko kuelekea mgunga. Shina lake lilikuwa pana kama mlango. Aliyeketi upande wa pili alikuwa haonekani kabisa, na hilo ndilo alilolihitaji.

Namnyaki alirudi kumwambia mumewe kwamba mama amekwenda mtini. Parsimei aliwageukia punda. Alianza kufungua sogi, ile mifuko ya ngozi inayoning'inia pande mbili za punda, na mikono yake ilikwenda haraka kuliko kawaida.

Alikuwa na sababu. Mwaka uliopita alikamatwa njiani, akabebeshwa mizigo ya Mjerumani mmoja mpima ardhi kwenye mabega ya Meru. Bwana huyo alipenda kupiga hema juu kabisa, mgongoni mwa kilima, ili aione nchi yote anapokunywa kahawa. Jioni moja mvua ya radi iliwakuta huko. Radi ilishuka kwenye mlingoti wa hema, ikavunja kitanda, ikaunguza blanketi. Bwana mwenyewe hakuwamo. Tumbo lilikuwa limemkamata, naye alikuwa amechuchumaa kwenye kibonde chini ya kilima, suruali magotini, kichwa kimeinama, akimlaani mpishi. Alitoka hapo mzima. Wapagazi wawili waliokimbilia chini ya mti mrefu walizikwa asubuhi. Tangu siku hiyo hema lilipigwa mahali pa chini, na mpishi hakutukanwa tena.

Kisa hicho Simaloi alikuwa amekisikia kupitia kwa binti yake, na hukumu yake aliitoa palepale: kama njia ya kuokoka ni kuharisha, yeye atamwomba Mungu njia nyingine.

Ngurumo ya kwanza ilikuja chinichini, mbali, kama mtu anayeburuta gogo. Parsimei alichukua mkuki wake uliokuwa umesimikwa karibu na mizigo, akaupeleka mbali, akaulaza chini. Aliwafungulia punda wote waende watakako. Alisema mnyama akifungwa mahali pamoja na wenzake hana tofauti na watu waliokusanyika. Halafu akamtazama mkewe, naye akaelewa. Alimfunga mtoto vizuri mgongoni, akaupanda mwinuko.

Mama yake alikuwa ameketi ameegemea shina, miguu ameinyoosha, anakula ndizi mbivu kwa raha ya mtu asiyeonwa.

"Yeyo, mti huu ni mrefu kuliko kila kitu kilicho hapa."

"Ndiyo maana una kivuli."

"Radi hutafuta kilicho kirefu."

"Mungu ananijua mimi."

"Anaujua na mti."

Simaloi aliacha kutafuna. "Hayo umetumwa?"

"Hayo ni yangu."

"Basi rudi nayo kwa mumeo," Simaloi alisema, ila si kwa ukali. Alinyoosha mkono akamgusa mjukuu unyayo. "Mfunike huyu. Kuna baridi inakuja. Na usirudi tena hapa kuniomba nikajidhalilishe. Nimezeeka na jina langu safi, nataka nife nalo."

Matone ya kwanza yalikuwa makubwa na ya mbalimbali. Kila moja lilichimba kishimo chake vumbini. Namnyaki alishuka akikimbia. Alikuta mumewe amekwisha kumchagulia kichaka, amemkunjulia ngozi moja ya kujifunika. Alimwonyesha namna: usilale, usikae kitako, chuchumaa, visigino pamoja, kichwa chini. Mtoto akamhamishia kifuani. Kisha akaenda zake, hatua ishirini na zaidi, akachuchumaa kwenye kichaka chake mwenyewe.

Mvua ikashuka.

Parsimei alikuwa na hesabu yake ya mchungaji. Umeme ulipomulika, alianza kutaja majina ya ng'ombe wa baba yake, mmoja baada ya mwingine, kwa sauti, hadi ngurumo ifike. Mara ya kwanza alitaja kumi na wawili. Mara ya pili tisa. Namnyaki alimsikia kwa vipande katikati ya mvua: yule mwekundu, yule mwenye baka, yule aliyevunjika pembe. Halafu ng'ombe wakawa sita. Halafu wanne. Mvua ya mawe ikaanza, vijiwe kama mbegu za ukwaju vikadunda juu ya ngozi, na Nalepo akalia kwa hasira ya mtu aliyeonewa.

Namnyaki aliinua kichwa. Kupitia pazia la maji aliuona mgunga, mweusi, unayumba. Pembeni ya shina ilionekana ncha ya vazi la mama yake. Akasimama, akaita kwa nguvu zake zote. Sauti yake haikufika popote. Yeye aliyezibeba sauti za wengine miaka mitatu, yake ilimwangukia miguuni.

Aliita tena, kisha akaanza kwenda. Hakuwa amepiga hatua kumi mumewe alipomkatia njia.

"Rudi chini."

"Ni mama yangu."

"Na huyo uliyemshika ni nani?"

Namnyaki alimtazama mtoto, akautazama mti. Akasema lile ambalo hajawahi kumwambia mumewe: "Atakufa kwa sababu yako. Anakukimbia wewe."

Parsimei alilichukua neno hilo kama lilivyo. Alimkalisha mkewe, akamrudishia ngozi kichwani, akaichukua fimbo yake ndefu ya kuchungia. Shuka lake alilivuta kutoka mabegani akajifunika kichwa na uso, akabakiza nafasi ya kuona miguu yake tu. Hivyo akaupanda mwinuko, ameinama, upesi.

Karibu na mti aligeuka. Akaupa mgunga mgongo, akaanza kwenda kinyumenyume, fimbo ameishika nyuma yake kama mkia. Mtu asiyejua mila angesema mvua imemharibu akili. Namnyaki, akitazama kutoka chini ya ngozi, alijua hasa anachofanya mumewe: anakwenda kwa mama mkwe wake bila kumwona.

Walichosemezana pale alikuja kukijua baadaye, nusu kwa mumewe na nusu kwa mama yake, na nusu hizo zilikubaliana, jambo ambalo si la kawaida katika ukoo wao.

"Mama," Parsimei alisema, uso kwenye mvua, "shika fimbo."

Sauti kutoka upande wa pili wa shina ikasema, "Mwambie mkeo aje anieleze."

"Hasikiki, mama. Nimekuja kusema mwenyewe."

Ng'ombe wa mahari walikuwa wamezaa mara mbili tangu ndoa, na hilo ndilo lilikuwa neno la kwanza kati yao. Simaloi alilisikia, akasikia na uchi wake: hakuna binti katikati, hakuna hatua arobaini.

"Sina la kuzungumza nawe," alisema.

"Usizungumze. Shika tu. Sikugusi na sikuoni. Nina mke mmoja, na mke wangu ana mama mmoja."

Umeme ukamulika. Parsimei alitaja ng'ombe wawili, na kabla ya wa tatu ngurumo ikapasuka juu yao hadi mti ukatetemeka kwenye mizizi. Punje za gome zikamwangukia Simaloi kifuani, juu ya shanga.

Fimbo ikawa nzito.

Namnyaki aliwaona wakishuka. Mbele mwanamume aliyejifunika kama bibi harusi, akipapasa njia kwa vidole vya miguu. Nyuma, urefu wa fimbo nzima, mwanamke mzima ameikamata ncha yake kwa mikono miwili, macho ameyafumba kwa hiari. Hakuna aliyeteleza. Walipofika penye vichaka Parsimei alisimama.

"Hapa," alisema bila kugeuka. "Peke yako, mama. Chuchumaa, miguu pamoja. Mimi nakwenda kule."

Akaiachia fimbo. Akaenda, hatua thelathini hivi, akachuchumaa amewapa mgongo wote wawili.

Simaloi alifumbua macho. Alimwona binti yake upande mmoja, mbali. Alimwona mkwewe upande mwingine, mbali zaidi, mgongo tu. Kila mtu na kichaka chake, kama watu waliogombana gulioni. Akachuchumaa taratibu, magoti yakilalamika, bangili za waya miguuni mwake zikigongana, na uso wake ulikuwa na kitu ambacho Namnyaki alikitambua hata kwa mbali. Ulikuwa uso wa mtu anayehesabu na kukuta kuna kitu kimepungua.

Ndipo radi iliposhuka.

Haikuwa na umeme kwanza na ngurumo baadaye. Vyote vilikuwa kitu kimoja. Dunia ikawa nyeupe, hata chini ya ngozi, hata ndani ya macho yaliyofumbwa. Ardhi ikapiga nyayo za Namnyaki kutoka chini. Masikio yake yakajaa mlio mwembamba usiokwisha. Alipoweza kuona aliona kwanza kinywa cha mtoto kiko wazi, kinalia, bila sauti. Akashukuru kwa kinywa hicho. Akageuza kichwa. Mama yake alikuwa amechuchumaa. Mumewe alikuwa amechuchumaa, mkono mmoja ameuinua juu kidogo na kuutikisa, niko hapa.

Mgunga ulikuwa umepasuka kutoka juu hadi chini. Nusu moja ililala ubavuni, inafuka moshi kwenye mvua. Upande ule wa shina alipokuwa ameegemea Simaloi, gome lote lilikuwa limeng'olewa, mti umebaki mweupe kama mfupa, na kibuyu alichokisahau pale kilikuwa kimetawanyika vipande vipande.

Hakuna aliyesogea. Mvua ya mawe ikawa mvua ya kawaida. Mvua ya kawaida ikapungua, ikawa manyunyu, na magharibi kukatokea ufa wa nuru. Simaloi akaweka mkono gotini ili ainuke.

"Bado, mama!" Parsimei alipaza sauti bila kugeuka.

"Anasema bado," Namnyaki alisema kwa mazoea.

"Nimesikia," Simaloi alijibu. "Nina masikio." Akachuchumaa tena.

Umeme uliendelea kumulika, sasa ukirudi mashariki, upande wa Usa, na Parsimei aliendelea kutaja. Saba. Kumi na mmoja. Kumi na tisa. Hakuruhusu mtu ainuke. Mara moja umeme ulimulika, akawataja ng'ombe wote wa baba yake hadi ndama wa mwisho na ngurumo ilikuwa bado haijafika, ikambidi aazime wa jirani. Alipofikia fahali wa jirani mwenye kilema cha kope, Namnyaki alisikia sauti ya ajabu kutoka kichaka cha mama yake. Alidhani ni kilio. Alitazama vizuri. Simaloi alikuwa anacheka, mikono mdomoni, mabega yakiruka, machozi yanamtiririka na maji ya mvua.

Namnyaki naye akashikwa. Alicheka hadi mtoto akaacha kulia kumshangaa. Kule mbali mgongo wa Parsimei ulibaki umenyooka kwa adabu, lakini masikio yake yalikuwa yanatikisika.

Ngurumo ikaja mwishowe, ndogo, ya mzee anayeguna. Parsimei alingoja umeme mwingine mara tatu. Kisha akasimama, akajinyoosha, akaondoka bila kutazama nyuma, akitafuta punda.

Namnyaki alimwendea mama yake. Hawakukumbatiana, walishikana mikono yote minne na mtoto katikati, wakabaki hivyo. Mikono ya Simaloi ilikuwa baridi kama samaki, na ilikuwa hai. Namnyaki aliipapasa kidole kimoja kimoja, kama mtu anayehakikisha mzigo umefika wote.

"Alisema tukae mbalimbali," Simaloi alisema hatimaye. "Tangu mwanzo?"

Namnyaki alitazama chini.

"Namnyaki."

"Alisema. Kila mtu peke yake, hatua ishirini au zaidi. Alisema tusikae pamoja hata kidogo."

"Na wewe ukaniambia nini?"

"Nilikwambia njoo tukae pale."

Simaloi alipumua kwa pua. Aliugeukia mgunga, akautazama ule weupe wake kwa muda, urefu wa mgongo wake mwenyewe. "Nilikuwa nife," alisema, "kwa kumkimbia mtu ambaye naye alikuwa ananikimbia."

"Nilikuwa nimechoka, Yeyo. Nilipunguza."

"Najua unapunguza. Miaka mitatu nasikia mkwe wangu anasema 'amesikia' na 'sawa', nikadhani nimemwozesha binti yangu kwa bubu." Akamvuta bintiye sikio, kidogo tu, kama alivyokuwa akimvuta akiwa mdogo. "Kuanzia leo unaleta yote. Hata yanayouma. Nitayapunguza mwenyewe."

Namnyaki akaitikia. Alisikia moyo wake ukishuka na kukaa mahali pake, na njaa ikaja nyuma yake, njaa kubwa ya furaha.

Jua lilitokea chini ya wingu dakika chache kabla ya kutua. Tambarare yote ikawaka maji. Kila unyayo wa punda ulikuwa kioo. Kwenye lile korongo la mchanga laini maji ya rangi ya tope yalikuwa yanapita kwa haraka, yamebeba matawi. Na kaskazini Meru ikasimama tena, safi, imevaa mawe ya mvua kileleni kama aliyemwagiwa unga.

Simaloi alisimama akiielekea. Aling'oa majani mabichi, akayashika kwa mikono miwili, ambavyo kwao ndivyo mtu anavyoomba na kushukuru, akaanza sala. Sala ya watu wao haisaliwi na mtu mmoja. Mmoja hutamka, waliopo huitikia "Naai" kila mstari, ewe Mungu, na sala isiyoitikiwa ni kama mzigo ulioinuliwa upande mmoja.

"Uliyepita juu yetu na kutuacha," Simaloi alitamka.

"Naai," Namnyaki aliitikia.

"Uliyechukua mti ukaacha watu."

"Naai."

Sauti ya binti ilikuwa nyembamba, imechoka, na nchi ile ilikuwa pana mno kwake. Simaloi alivuta pumzi.

"Uliyemfunika mtoto wa miezi mitano."

"Naai," aliitikia Namnyaki. Na kutoka nyuma ya vichaka, mbali, mahali ambapo punda wanne walikuwa wanakung'uta masikio, sauti nzito ya kiume iliitikia pamoja naye.

Simaloi akanyamaza. Hakugeuka. Namnyaki hakujua kama sala itaishia hapo na safari ya kesho irudi kuwa ndefu kama ya leo. Kisha Simaloi aliyainua majani tena, juu zaidi, na sauti yake ilipotoka ilikuwa kubwa, ya mtu anayetaka kusikika mbali.

"Mwenye fimbo, mpe umri."

Hapo ilibidi Namnyaki aitikie peke yake, maana mwenye fimbo aliona haya kuitikia baraka yake mwenyewe. Lakini mstari uliofuata ulikuwa wa ng'ombe wa baba wa mwenye fimbo, na wa baada yake wa punda, na wa baada yake wa barabara ya kesho, na sauti mbili zikaitikia kila mmoja. Simaloi aliendelea. Aliombea vichaka. Alimwombea hata yule Mjerumani na tumbo lake. Jua likatua, yeye bado anatamka, na "Naai" ya kiume ikimjibu kutoka gizani, hatua zile zile thelathini.